Kisa cha Mendip: Manowari Moja Chini ya Bendera Nne

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Oktoba 1956, manowari ya Misri iitwayo Ibrahim el Awal ilifika mbele ya bandari ya Haifa ikiwa peke yake, ikafyatua mizinga yake minne kuelekea mjini, kisha ikageuza omo, yaani sehemu yake ya mbele, kuelekea kaskazini-magharibi ili kutoweka gizani. Asubuhi ya siku hiyo hiyo ilikuwa imekwisha kujisalimisha baharini, na hatimaye ikakokotwa hadi ndani ya bandari ile ile iliyokuwa imeishambulia. Tukio hili husimuliwa kama kisa cha ushujaa au cha uzembe, kutegemea msimulizi amesimama upande gani. Kwa maoni yangu, maelezo yanayotosheleza zaidi yamo katika chuma chenyewe. Meli hiyo iliundwa kwa ajili ya kazi moja mahsusi, ikapita mikononi mwa majeshi manne ya wanamaji, na kila aliyeipokea aliipa jina jipya bila ya kuweza kuipa mwendo mpya.

Jina lake la kwanza lilikuwa HMS Mendip, herufi tatu za mwanzo zikimaanisha meli ya Mfalme wa Uingereza. Mkuku wake, yaani uti wa mgongo wa meli, uliwekwa Agosti 1939 katika kiwanda cha Swan Hunter huko Wallsend, kando ya mto Tyne, ikashuliwa tarehe 9 Aprili 1940 na kuanza kazi Oktoba ya mwaka huo. Ilikuwa miongoni mwa meli 86 za aina ya Hunt, ambazo Waingereza walizipa majina ya vyama vya uwindaji wa mbweha, na ambazo katika orodha zao zilihesabiwa kuwa distroya za kusindikiza. Neno hilo la pili ndilo lenye uzito. Distroya ya kawaida ya zama hizo ilikuwa meli ya kushambulia: ilikimbia, ilibeba topido nyingi (mabomu yanayokwenda yenyewe chini ya maji hadi kwenye meli ya adui), iliandamana na manowari kubwa, na gharama yake haikuwa ndogo. Uingereza ilipoona vita vinakaribia ilihitaji chombo cha aina nyingine, ambacho kingejengwa haraka na kwa wingi, na ambacho kingekaa kando ya meli za mizigo kikizilinda dhidi ya ndege na nyambizi. Mendip ilikuwa na urefu wa mita 85, uzito wa tani 1,000 bila ya mafuta na shehena, boila mbili, nguvu za farasi 19,000, na mwendo wa takriban noti 27, yaani maili 27 za baharini kwa saa. Haikuwa na topido hata moja. Msafara wa meli za makaa ya mawe uliokuwa ukipita pwani ya mashariki ya Uingereza ulikwenda noti saba au nane, na kwa anayechunga msafara wa namna hiyo noti 27 zilikuwa akiba tele.

Hata hivyo, meli hizi zilizaliwa na kilema, na kilema hicho kiligunduliwa kwa njia ambayo fundi yeyote wa majahazi angeielewa bila ya kuelezwa mara mbili. Ili kupima utulivu wa meli mpya, huwekwa mahali penye maji yaliyotulia, timazi ndefu huning'inizwa ndani yake, kisha vyuma vya uzito unaojulikana husogezwa sitahani kutoka upande mmoja hadi upande wa pili, na wapimaji husoma timazi imehama kiasi gani. Ikihama kidogo, uzito wa meli umekaa chini panapostahili. Ikihama sana, uzito umekaa juu, na chombo hicho kikikutana na bahari iliyochafuka kitakwenda mrama hadi kipinduke. Atherstone, ambayo ilikuwa miongoni mwa meli za kwanza za aina hii kukamilika, ilipimwa mapema mwaka 1940 ikiwa na jozi tatu za mizinga, kama ilivyochorwa, na timazi ikahama kupita kiasi kilichotarajiwa. Wasanifu waliporudi kwenye makaratasi yao walikuta kosa la hesabu: kitovu cha uzito kilikuwa juu zaidi ya walivyodhani. Wakati huo meli nyingi zilikuwa tayari ziko kwenye chelezo, Mendip ikiwamo, na haikuwezekana kuzipanua. Ikabidi jozi moja ya mizinga iondolewe, baadhi ya vitu vya juu vipunguzwe, na tani 50 za farumi, yaani uzito wa kuituliza meli, zitiwe chini. Meli zilizofuata zilitengenezwa pana zaidi na zikabeba mizinga sita kama ilivyokusudiwa. Mendip ilibaki na minne ya milimita 102 hadi mwisho wa maisha yake, na msomaji aikumbuke idadi hiyo tutakapofika Haifa.

Utumishi wake katika vita vyenyewe hautuhitaji kukaa sana. Siku chache tu baada ya kuanza kazi, bomu lake lenyewe la kulipukia chini ya maji lililipuka na kuharibu tezi, yaani sehemu ya nyuma, ikalazimika kutengenezwa hadi mapema 1941. Baadaye ilifanya kazi ikitokea Sheerness, ikisindikiza misafara katika eneo ambalo boti za topido za Wajerumani ziliwinda usiku. Ikapelekwa Mediterania kwa ajili ya mashambulizi ya Sicily na Salerno mwaka 1943. Na Juni 1944 ilikuwa katika pwani ya Normandy. Katika zote hizo ilifanya kazi iliyoundiwa, ikiwa pamoja na meli nyingine, na karibu kila mara chini ya kivuli cha ndege za upande wake. Mwaka 1946 iliwekwa akiba.

Uhamisho wa kwanza ulikuja Mei 1948, na namna ulivyofanywa ni somo la sheria kuliko la bahari. Uingereza iliikabidhi serikali ya China ya Kuomintang, chama kilichokuwa kikipigana na Wakomunisti, meli mbili huko Portsmouth: manowari kubwa zaidi iitwayo Aurora, na Mendip. Aurora ilitolewa moja kwa moja, ikiwa fidia ya vyombo vya forodha vya China ambavyo Waingereza walivichukua Hong Kong wakati wa vita na vikapotea. Mendip ilitolewa kwa mkopo tu. Mabaharia wa Kichina walikuwa wamefundishwa Uingereza kwa muda mrefu kabla ya makabidhiano hayo, jambo ambalo halikutendeka katika kila uhamisho wa meli wa miaka ile, na kwa upande wa ufundi mpango huo ulikuwa mzuri. Mendip ikaitwa Lin Fu, kwa kumbukumbu ya Jenerali Zhang Lingfu, aliyeuawa Mei 1947 katika mapigano ya Menglianggu mkoani Shandong. Kumpa mgeni jina la jenerali aliyeshindwa na Wakomunisti mwaka mmoja kabla ni ishara ya hali ilivyokuwa.

Tarehe 25 Februari 1949 mabaharia wa Aurora, ambayo sasa iliitwa Chongqing, waliiteka meli yao na kuipeleka upande wa Wakomunisti. Ndege za serikali ziliisaka hadi Huludao, na huko ikazama mwezi Machi. Uingereza haikuwa na la kufanya kuhusu meli hiyo, kwa kuwa haikuwa yake tena. Kuhusu Lin Fu ilikuwa na la kufanya: kilichokopeshwa hudaiwa, na katikati ya mwaka huo huo meli ilirejeshwa mikononi mwa Waingereza huko Hong Kong. Hapa tofauti ya neno moja katika hati ndiyo iliyoamua hatima ya meli mbili zilizotoka katika bandari moja, zikiwa na mabaharia waliofundishwa pamoja, tena kwa ajili ya vita vile vile. Wanaoandika juu ya uhamisho wa silaha hupenda kuhesabu mizinga na tani. Mimi nahisi wangefaidika zaidi kwa kuusoma ule mstari wa mkataba unaoeleza nani anabaki kuwa mwenye mali.

Uingereza haikukaa nayo. Novemba 1949 meli iliuzwa kwa Misri ya Mfalme Farouk, ikapewa jina la Mohamed Ali el Kebir, mwasisi wa ukoo wa kifalme. Mwaka uliofuata dada yake, meli nyingine ya aina ya Hunt iitwayo Cottesmore, naye aliuzwa huko huko akaitwa Ibrahim el Awal. Mwaka 1951 Wamisri wakabadilishana majina hayo kati ya meli hizo mbili, jambo ambalo limewachanganya waandishi wengi tangu siku hizo, kwa hiyo anayesoma habari za kabla ya 1951 na za baada yake hana budi kuwa macho. Kuanzia hapo Mendip ndiyo Ibrahim el Awal. Ibrahim Pasha, mwana wa Mohamed Ali, ndiye aliyeuteka mji wa Akka mwaka 1832, mji unaotazamana na Haifa katika ghuba moja. Jina lilikuwa limerudi kwenye maji yake lenyewe, ingawa kwa namna ambayo aliyelichagua hakuitazamia.

Uuzaji huu ulikuwa tofauti na mkopo wa China kwa kila hali. Hapakuwa na haki ya kudai meli irudi. Kwa Uingereza lilikuwa jambo la kupunguza mzigo wa meli zisizohitajika. Kwa Misri lilikuwa jambo la kupata manowari kwa bei inayovumilika. Mataifa mengi yalifanya vivyo hivyo: meli za aina ya Hunt zilikuwa zimekwisha kutumiwa na Wagiriki, Wapolandi, Wanorwe na Wafaransa wakati wa vita, na baada yake zikaenda India, Denmark, Ecuador na hata Ujerumani Magharibi. Kwa mataifa yaliyozitumia kulinda pwani na kufundishia mabaharia, zilifaa sana.

Mwaka 1955 Uingereza ilifanya biashara nyingine inayoingia moja kwa moja katika kisa hiki. Iliuza distroya nne za aina moja, zilizojengwa mwishoni mwa vita, mbili kwa Misri na mbili kwa Israeli, kwa nia ya kutokuuvuruga mizani wa nguvu kati ya mahasimu hao wawili. Zenith na Myngs zikawa El Fateh na El Qaher za Misri. Zealous na Zodiac zikawa Eilat na Yaffo za Israeli. Hizi zilikuwa distroya kamili: noti 36, nguvu za farasi 40,000, mizinga minne ya milimita 114, na topido. Hivyo basi, kufikia mwaka 1956 Misri ilikuwa na meli mbili zinazolingana na zile za Israeli, pamoja na hizi mbili za kusindikiza ambazo hazikulingana nazo kwa lolote.

Julai 1956 Gamal Abdel Nasser aliutaifisha Mfereji wa Suez. Mwezi Oktoba wajumbe wa Uingereza, Ufaransa na Israeli walikutana kwa siri huko Sèvres, karibu na Paris, wakapanga kwamba Israeli ivamie Sinai na wengine wawili waingie kwa kisingizio cha kutenganisha wapiganaji. Uvamizi ulianza tarehe 29 Oktoba. Siku iliyofuata Ibrahim el Awal iliondoka Misri kuelekea Haifa, ikiwa imeagizwa kushambulia mitambo ya mafuta ya bandari hiyo. Walioiagiza walidhani wanapigana na adui mmoja. Hawakujua kwamba distroya ya Ufaransa, Kersaint, ilikuwa tayari imewekwa mbele ya Haifa kuilinda.

Kutoka Port Said hadi Haifa ni takriban maili 165 za baharini. Mizinga ya Ibrahim el Awal ilianza kulia mnamo saa tisa na nusu usiku. Mwishoni mwa Oktoba, kwenye pwani ile, mwanga hujitokeza kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Meli yenye noti 27, hata kama ingeacha kupiga mara moja, boila zake zikachochewa kwa nguvu zote, na kusiwepo na kasoro yoyote ndani ya mitambo iliyokuwa na umri wa miaka 16, isingeweza kuwa zaidi ya maili 60 kutoka Haifa kulipopambazuka. Kurudi nyumbani kulihitaji zaidi ya saa sita, na sehemu kubwa ya saa hizo ingekuwa mchana mweupe, mbele ya adui mwenye ndege. Meli za Israeli zilikuwa na mwendo uliozidi wake kwa noti tisa. Kwa tofauti hiyo, maili 20 za utangulizi humalizika katika saa mbili na ushei. Hesabu hii haihitaji elimu ya kijeshi. Ilikuwa inaweza kufanywa kwa kalamu na kipande cha karatasi kabla ya nanga kung'olewa.

Tuangalie na mizinga. Kombora la mzinga wa milimita 102 lilikuwa na uzito wa kilo 16 hivi, na lilipoungana na ganda la baruti yake lilifika karibu kilo 29, mzigo ambao mpakiaji aliukumbatia kifuani, akautumbukiza mzingani kwa mkono, akageuka kupokea mwingine, huku sitaha ikiyumba chini ya miguu yake gizani. Mizinga minne ilirusha jumla ya kilo 64 kwa mkupuo mmoja. Kombora la Eilat au Yaffo lilikaribia kilo 25, na meli hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na mizinga minane: kilo 200 kwa mkupuo. Ile jozi ya tatu iliyoondolewa mwaka 1940 kwa sababu ya timazi ya Atherstone isingebadili matokeo, lakini inaonyesha jinsi meli ilivyokuwa imepungukiwa tangu ilipokuwa kwenye chelezo. Topido, ambayo kwa kawaida ndiyo humfanya mwenye distroya kubwa asisogee karibu na aliye mdogo, hazikuwamo.

Makombora zaidi ya mia moja yaliangukia Haifa na kando yake, na madhara yakawa madogo. Kersaint ilijibu mapigo bila ya kupata shabaha. Manowari ya Misri ikaelekea kaskazini-magharibi, Eilat na Yaffo zikaiandama na kuifikia umbali wa maili 35 hivi magharibi ya Haifa. Mapigano ya mizinga yaliendelea, kisha ndege mbili za aina ya Ouragan zikashuka na roketi zao. Pigo la kuamua liliangukia jenereta na usukani. Katika meli ndogo kama hiyo umeme ni damu: pampu, taa, mawasiliano na vyombo vya kulengea vyote huutegemea. Meli ikabaki inaelea, isiyoweza kuelekezwa wala kupigana. Wamisri wawili walikuwa wameuawa na wanane kujeruhiwa, na nahodha akajisalimisha. Kwa meli iliyozingirwa na distroya mbili pamoja na ndege, idadi hiyo ni ndogo, na sioni haki ya kumlaumu nahodha kwa kuwaokoa watu wake katika safari ambayo hakuipanga.

Lawama, kama lazima iwepo, iende kwa waliochagua meli. Misri ilikuwa na El Fateh na El Qaher, zenye mwendo na mizinga ya kutosha kupiga na kukimbia. Iliyotumwa ni ile iliyojengwa kutembea na meli za makaa. Wapo watakaosema kwamba katika siku ya pili ya vita hutumwa kilicho tayari, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini kilicho tayari kung'oa nanga si lazima kiwe tayari kwa kazi hiyo. Kuwa na neno distroya kwenye orodha ya meli kulificha tofauti ambayo noti tisa zilikuja kuifichua.

Inafaa kutaja hapa, kwa kando kidogo, kwamba usiku uliofuata, kusini katika Bahari ya Shamu, manowari ya Kiingereza Newfoundland iliizamisha frigeti ya Misri iitwayo Domiat. Kabla ya kuuzwa kwa Misri, Domiat ilikuwa HMS Nith ya jeshi hilo hilo la Uingereza. Muuzaji alikizamisha alichokiuza. Kwa mnunuzi wa meli kuukuu, kisa hicho kina jambo ambalo halimo katika ankara yoyote: aliyekuuzia anajua unene wa bati lako, mwendo wako na umbali wa mizinga yako, kwa sababu michoro yote imo kabatini mwake.

Uhamisho wa mwisho wa Mendip haukuwa na mkataba. Ilikokotwa hadi Haifa, ikatengenezwa, ikaingizwa katika jeshi la wanamaji la Israeli na kuitwa Haifa, jina la mji iliokuwa imeupiga. Ajabu yake ni kwamba uhamisho huu wa kunyang'anywa ulikuwa mwepesi kwa ufundi kuliko ule wa China uliotanguliwa na mafunzo marefu. Israeli ilikuwa imezoea boila, mizinga na taratibu za Kiingereza kupitia Eilat na Yaffo, zilizotoka katika ghala lile lile. Mateka alikuwa ndugu wa waliomteka. Meli ikafanya doria na kazi za pwani kwa miaka kadhaa, yaani ikarudi kwenye kazi zinazofanana na zile ilizoundiwa, na katika kipindi hicho hakuna aliyeituma peke yake kwenda kupiga mji wa mbali.

Tarehe 21 Oktoba 1967 Eilat, ile ile iliyokuwa imeiandama miaka kumi na mmoja kabla, ilipigwa mbele ya Port Said na makombora ya kuongozwa ya Kisovieti aina ya Styx, yaliyorushwa na boti ndogo za Misri bila ya hizo kutoka mbali na bandari, ikazama pamoja na mabaharia 47. Israeli nayo ilikuwa ikiendeleza kombora lake la baharini, Gabriel, na kombora jipya huhitaji shabaha ya kweli, yenye ukubwa wa meli na chuma cha meli. Haifa, iliyokwisha kuchoka, ilivuliwa vilivyofaa ikawekwa baharini iwe shabaha hiyo.

Cottesmore, aliyejengwa kwa michoro ile ile na kununuliwa kwa pesa za mfuko ule ule, hakutumwa Haifa. Baada ya ufalme kuondolewa aliitwa Port Said, na akaendelea kuhesabiwa katika jeshi la wanamaji la Misri miaka mingi baada ya dada yake kulala chini ya bahari.